Tela Nyuma ya Gari la Familia

Mjadala wa pikapu umerudi barazani kwetu, safari hii kwa njia ya simu. Tangu Aprili 2025, Marekani ilipoanza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa magari yanayotoka nje, jamaa zetu wanaoishi kule wamekuwa wakiulizana kama wakope mapema kabla bei haijapaa zaidi, na gari linalotajwa sana ni pikapu kubwa ya milango minne. Hoja yao ni ileile niliyoisikia miaka yote niliyoishi Texas: mwenye nyumba na familia hakosi mizigo, na mwenye mizigo hana budi kuwa na pikapu. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu. Nusu ya pili niliikataa enzi hizo na naikataa leo, kwa sababu kule kule Texas, kwenye nchi ya pikapu hasa, jibu lake lilikuwa likionekana kila Jumamosi kwenye maegesho ya maduka ya vifaa vya ujenzi: gari la kawaida la familia, nyuma yake tela la ekseli moja, na juu ya tela mzigo ambao pikapu iliyoegeshwa kando yake isingeutosha.

Kwanza tukubaliane mizigo yenyewe ni ipi. Mwaka wa familia ya kawaida kule una kuhama nyumba mkataba wa pango unapoisha, makochi yaliyonunuliwa kwa mtu, godoro, friji, mashine ya kukatia majani inayopelekwa kwa fundi, mbao na plaiwudi za kurekebisha banda, matawi yaliyoangushwa na upepo, na kwa watu wetu, mapipa na maboksi ya kupeleka kwa wakala anayepakia kontena la Dar es Salaam au Mombasa. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba mingi ni mizigo mikubwa kwa umbo, myepesi kwa kilo, na tena haiji kila wiki. Wamarekani wenyewe wameliona hilo. Utafiti wa kampuni ya Strategic Vision, ulionukuliwa sana mwaka 2019, ulikuta kwamba asilimia 35 ya wenye pikapu hubeba mzigo kwenye bodi mara moja kwa mwaka au hawabebi kabisa, na asilimia 75 huvuta tela mara moja kwa mwaka au hawavuti kabisa. Mtu atasema waliobaki wanabeba, na ni kweli wanabeba. Ila theluthi na ushei ya watu walionunua gari la mizigo na kulitumia kama gari la kwendea kazini si jambo la kupita kimyakimya, hasa ukikumbuka bei waliyolipa.

Tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo pikapu inaposhindwa mahali ambapo wengi hawakutarajia. Pikapu inayopendwa na familia ni ile yenye kibanda cha watu watano au sita, na kibanda hicho kikirefushwa, bodi ndiyo inayolipa gharama: huishia kwenye futi tano na nusu, yaani sentimita 170 hivi. Ubao wa plaiwudi una futi nne kwa nane, sawa na sentimita 122 kwa 244. Hauingii mpaka mlango wa nyuma ulale wazi na mzigo uning'inie nje ukiwa umefungwa kamba na kitambaa chekundu. Tela dogo la kawaida lina futi tano kwa nane. Ubao ule unalala humo wote na nafasi inabaki pembeni. Kisha kuna kimo. Mlango wa nyuma wa pikapu kubwa ukilazwa uko kama sentimita 90 kutoka chini, karibu na kiuno cha mtu mzima, na friji kufika pale inataka wanaume wawili wenye migongo mizima. Sakafu ya tela iko chini sana kuliko hapo, na mlango wake ukishushwa unakuwa ngazi ya mteremko. Mtu mmoja mwenye toroli anaipandisha friji ikiwa imesimama, kama friji inavyotakiwa kusafirishwa. Na uzito je? Pikapu nyingi za daraja la Ford F-150 huruhusiwa kubeba kati ya paundi 1,500 na 2,000, kilo 700 hadi 900, tena abiria wote wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Tela la ekseli moja hubeba kiasi hichohicho. Vyote viwili havitoshi kwa yadi moja ya mchanga, ambayo hupita paundi 2,500, ingawa utaona watu wanaipakia kwenye pikapu na kuondoka springi zikiwa zimelala.

Sasa fedha. Pikapu kubwa mpya yenye milango minne leo ni nadra kuipata chini ya dola 45,000, na zilizopambwa hupita 60,000. Tela la futi tano kwa nane huuzwa kwa dola elfu moja na kitu. Lakini kulinganisha bei hizo mbili peke yake si haki, maana tela halijiendeshi. Lazima ulinganishe pikapu dhidi ya gari la familia pamoja na tela. Chukua Toyota Sienna, gari ambalo familia nyingi zenye watoto wengi hulipenda. Kuanzia toleo la 2021 linatumia petroli na umeme kwa pamoja, linakwenda maili 36 hivi kwa galoni, linachukua watu saba au wanane, na kiwandani limepewa idhini ya kuvuta paundi 3,500. Pikapu kubwa ya petroli inakwenda maili 20 hivi. Kwa mwendo wa maili 12,000 kwa mwaka, Sienna itakunywa galoni 333, pikapu 600. Galoni ikiwa dola tatu, tofauti ni dola 800 kila mwaka. Kwa maneno mengine, mafuta yasiyonunuliwa yanalipa tela chini ya miaka miwili, kabla hatujagusa matairi makubwa ya pikapu na rejesho la mkopo. Tena kuna jambo wauzaji hawalitaji: Sienna za zamani, zile ambazo viti vya kati vinatolewa, zinameza plaiwudi ya futi nne kwa nane ndani, mlango ukafungwa, mvua ikanyesha inavyotaka.

Ilikuwaje basi nchi nzima ikaamini kwamba mzigo ni pikapu? Sehemu ya jibu iko kwenye kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi na Ufaransa zilipandisha ushuru kwa kuku wa Kimarekani waliokuwa wakifurika sokoni kwao kwa bei ya chini. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson alijibu kwa ushuru wake wa asilimia 25 kwa bidhaa kadhaa, yakiwemo magari madogo ya mizigo. Ushuru wa bidhaa nyingine uliondolewa baadaye. Ule wa magari ya mizigo umebaki. Matokeo yake, pikapu ndogo za bei nafuu za aina tunazozijua sisi ziliwekewa kikwazo, na viwanda vya Marekani vikabaki na soko lao, ambalo vimelikuza kwa ukubwa wa gari na wa faida. Pikapu za Ford za mfululizo wa F zimeongoza mauzo ya pikapu nchini humo tangu 1977. Kuna mzaha mmoja katika habari hii. Suzuki Carry, kirikuu wetu huyu wa Kariakoo na Gikomba, sasa anatafutwa na wakulima wa Marekani, lakini kwa sheria za usalama za nchi hiyo anaruhusiwa kuingia akishatimiza miaka 25, na hata hapo baadhi ya majimbo yamekataa kumpa namba. Mtu wa Texas anayetaka gari dogo la mzigo hununua lililozeeka kuliko mtoto wake wa kwanza.

Historia ya tela yenyewe ni ya zamani na inafaa kukumbukwa na kila anayedhani ni kifaa cha maskini asiyemudu pikapu. Mwaka 1945, vita vikiisha na Wamarekani wakianza kutawanyika kutafuta kazi na makazi, Leonard Samuel Shoen na mkewe Anna Mary walianzisha U-Haul katika mji mdogo wa Ridgefield, jimbo la Washington. Walianza na matela. Wazo lao lilikuwa kwamba mtu akodi tela mji mmoja, alikabidhi mji mwingine, na avute kwa gari alilonalo. Gari la familia la wakati huo lilitosha, na watu wengi walihama kwa mtindo huo. Magari ya leo yana injini zenye nguvu zaidi na breki bora zaidi kuliko ya 1945. Ujerumani, Uholanzi na nchi jirani zao hazikuacha kamwe desturi hiyo: huko kuona gari dogo la milango mitano likivuta tela lililojaa matawi kwenda kwenye jaa la mtaa ni jambo la kila siku. Uholanzi tela jepesi, lisilozidi kilo 750, halina hata namba yake. Linabandikwa kibao cheupe chenye namba ya gari linalolivuta, na likibadilisha gari linabadilisha kibao.

Pingamizi la kwanza ninalokutana nalo ni la fundi: gari dogo halikuumbwa kuvuta, utaua giaboksi. Pingamizi hili lina ukweli na lisipuuzwe. Kitabu cha gari ndicho hakimu. Kipo kinachosema paundi 3,500, kipo kinachosema 1,500, na kipo kinachosema usivute kitu kabisa. Hicho cha mwisho kikisema hivyo, mjadala umekwisha kwa gari hilo, hata kama aina hiyohiyo inaruhusiwa kuvuta Ulaya. Na paundi 1,500 maana yake ni tela pamoja na mzigo. Toyota RAV4 ya kawaida ya petroli iliyopewa kiwango hicho, ikishafungiwa tela la paundi 550, imebakiwa na 950 za mzigo, kilo 430 hivi. Kiasi hicho kinatosha mbao za jipsamu kumi na tano bila wasiwasi, au makochi ya sebule nzima. Hakitoshi kontena dogo la vigae. Anayelijua hilo na kuliheshimu, gari lake halitakufa. Magari hufa kwa kilo za ziada, mwendo wa kasi na milima mirefu wakati wa joto, na hayo huua pikapu vilevile.

Pingamizi la pili ni usalama, nalo nitalikalia zaidi kwa sababu ndilo linalowatisha watu wenye busara. Tela linaloyumba barabarani ni hatari ya kweli. Linaanza taratibu, mkia unakwenda kushoto, unarudi kulia, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia, na dereva akikanyaga breki kwa hofu anaweza kulikunja tela likamgeukia ubavuni. Chanzo kikubwa cha balaa hilo huwa ni upakiaji. Kanuni ya Marekani ni kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela inapaswa kukaa juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Tela la kilo 600 likandamize pale kwa kilo 60 hadi 90. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma ya ekseli, pua ya tela inanyanyuka, gari linapungua uzito kwenye magurudumu yake ya nyuma, na kuyumba kunaanza. Kwa tela dogo huhitaji kifaa cha gharama kujua umepatia: mizani ya bafuni juu ya tofali, pua ya tela juu ya mizani, usome. Kisha kuna tairi. Matairi ya tela yana herufi ST ubavuni, na mengi yametengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, wakati barabara kuu za Texas zinaruhusu 75. Anayesahau hilo atasikia mlipuko. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya pua, ili tela likichomoka pua idondokee juu yake badala ya kuchimba lami. Taa nazo: plagi ndogo ina nyaya nne, kahawia kwa taa za nyuma, njano kwa breki na indiketa ya kushoto, kijani kwa ya kulia, na mweupe ni ethi. Taa zikianza kuwakawaka ovyo, kabla ya kubadilisha balbu tazama pale waya mweupe ulipofungwa kwenye fremu. Mara nyingi ni kutu tu. Kurudi nyuma ndiko kunakochekesha wapita njia, kwa kuwa usukani ukienda kulia tela linakwenda kushoto, lakini dereva akishika sehemu ya chini ya usukani, mkono wake na tela vinaelekea upande mmoja, na asubuhi moja ya mazoezi kwenye maegesho matupu inatosha kumfundisha.

Je, pikapu haina hatari? Inabeba juu, kitovu cha uzito kinapanda, nayo ni nzito na pua yake imeinuka kiasi kwamba mtoto aliyesimama mbele haonekani. Inatembea na hatari hizo siku zote za mwaka, hata siku ambayo kitu pekee kilichomo ni kikombe cha kahawa cha dereva. Hatari ya tela ipo siku ya tela.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni mahali pa kuliweka. Jamaa zetu wengi wanakaa kwenye nyumba za kupanga zenye maegesho yaliyohesabiwa, na mitaa mingi mipya ina vyama vya wakazi vyenye kanuni zinazokataza tela kuonekana mbele ya nyumba. Tela huibiwa kirahisi pia. Mwizi anahitaji gari lenye tufe na dakika moja. Yapo matela yanayokunjwa na kusimamishwa ukutani ndani ya gereji, na zipo kufuli za kufungia pua, lakini asiye na gereji hana ukuta huo. Kwa mtu wa namna hiyo jibu langu linabadilika kidogo bila kusogea kuelekea pikapu: afunge tufe kwenye gari lake, kazi ya dola mia chache, na tela akodi siku ya mzigo. Kukodi tela dogo kwa siku kunagharimu chini ya kujaza tangi la pikapu. Wanaolalamika kwamba kukodi kunahitaji kupanga mapema wana haki, ila sijawahi kuona kochi lililohamishwa na mtu ambaye hakupanga.

Kuna watu ambao hoja yangu haiwagusi. Fundi bomba, fundi rangi, mtu wa kukata nyasi za watu, anayekwenda nyumba nane kwa siku na vifaa vyake vyote: huyo bodi ni ofisi yake, na kufungua na kufunga tela kila kituo kungemla saa nzima ya kazi. Hata hivyo watu wa nyasi wa Texas wengi wana pikapu na tela kwa pamoja, kwa kuwa mashine zao haziingii kwenye bodi. Anayekaa shamba kwenye njia ya tope au theluji nzito naye ana haki ya pikapu, kwa kuwa magurudumu yote manne yanayosukuma yanamfikisha mahali ambapo gari dogo lenye tela lingekwama kwenye lango. Na anayependa pikapu kwa kuwa anaipenda, basi aseme anaipenda. Ni sababu halali ya mtu mzima kutumia fedha zake. Ninachokataa ni kuivisha mapenzi hayo nguo ya mizigo halafu kumwambia mwenye nyumba kwamba ni akiba.

Wananiuliza pia mbona huku kwetu hakuna anayevuta tela kwa gari lake, kama ni jambo la akili hivyo. Wapo wanaolivuta, na ndio wanaojua mizigo kuliko sote. Nenda Kurasini, Dar es Salaam, au Mombasa uone: mwenye malori ana vichwa vyake upande mmoja na matela upande mwingine, kila tela limesajiliwa kivyake, na Kenya utayatambua kwa namba zinazoanza na Z. Kichwa kinashusha tela lisubiri kupakuliwa, kinavuta lingine na kuondoka, kwa sababu injini ndiyo ghali na haifai kusimama ikisubiri makuli. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu mpaka tani 56 kwa mpangilio huo wa ekseli nyingi. Mkulima wa mpunga wa Mbarali mwenye pawatila anafanya vivyo hivyo kwa udogo: asubuhi inalima, jioni inafungwa tela na kubeba magunia. Familia ya mjini haivuti tela kwa sababu dereva wa kirikuu yuko kijiweni mita mia kutoka dukani, anakuja na gari, na kijana wa kupakia, na ujuzi wa kichochoro chako, kwa bei ya maelewano. Marekani hakuna mtu huyo. Mikono ya watu ni ghali, na tela ndilo linaloziba pengo lake.

Ndiyo maana kwa jamaa anayerudi nyumbani na anayefikiria kulitia tela lake kwenye kontena, nasema aliuze hukohuko. Nafasi ya ndani ya kontena ina bei, tufe la inchi mbili na plagi ya nyaya nne havitapata mwenzake kwenye magari yetu yaliyotoka Japani bila kubuni, na beringi ndogo zilizozoea lami ya Houston hazitadumu kwenye matuta ya barabara ya vumbi ya Goba au Mbezi. Wanunuzi wa tela lililotunzwa hawakosekani Texas. Atangaze mwanzoni mwa msimu wa kuhama, apige picha matairi na sakafu kwa karibu, na fedha hiyo inamtosha kumlipa mtu wa kirikuu kwa mizigo yote ya kuhamia nyumba mpya.